Kulipia Somo Moja Mara Mbili

Mama mmoja wa jimbo letu alitujia ofisini akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa hati ya matokeo ya mwanawe, aliyesoma miaka miwili katika chuo cha jamii huko Marekani na kupata alama nzuri. Ya pili ilikuwa barua ya chuo kikuu cha huko huko. Barua hiyo ilimkaribisha kijana, kisha ikamweleza kwamba masomo yake mengi hayatahesabiwa katika shahada aliyoichagua. Sharti ayasome tena, na kuyalipia tena. Kwa ajili ya karo mama alikuwa amekwisha kuuza shamba. Hakuja kulalamika, bali kuuliza swali moja: "Padre, mtu akilipishwa mara mbili kwa kitu kile kile, Kanisa laitaje jambo hilo?"

Swali hilo lastahili jibu la wazi, maana wako vijana wetu waendao Marekani ambao huanzia katika vyuo vya namna hiyo, kwa kuwa karo yake ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu.

Yafaa kwanza kujua vyuo hivyo viliwekwa kwa ajili gani. Chuo cha umma cha namna hiyo kilicho kikongwe kuliko vyote kipo Joliet, karibu na Chicago. Kilianza mwaka 1901 na wanafunzi 6. William Rainey Harper, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa miongoni mwa walioanzisha wazo lake: kijana asome miaka miwili ya kwanza ya elimu ya juu karibu na kwao, kisha aendelee na miaka iliyobaki katika chuo kikuu. Kazi ya mwanafunzi hupimwa kwa krediti. Somo la kawaida lina krediti 3, yaani saa tatu hivi za darasani kila juma kwa muhula mzima. Krediti 60 ni kazi ya miaka miwili, na shahada ya kwanza huhitaji kama 120. Hesabu yaonekana nyepesi: 60 huku, na 60 kule.

Lakini mara nyingi haiwi hivyo. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani ilitoa taarifa juu ya wanafunzi waliohama chuo kati ya mwaka 2004 na 2009. Ilikadiria kwamba, kwa wastani, walipoteza asilimia 43 ya krediti zao. Hata wale waliotoka chuo cha umma na kuingia chuo kingine cha umma walipoteza asilimia 37. Tena iko hasara nyingine, ya kificho zaidi: chuo kikuu huzipokea krediti, lakini huziweka katika fungu la masomo ya hiari, mahali ambapo hazipunguzi hata somo moja katika yale yanayolazimishwa na fani ya mwanafunzi. Zimepokewa kwa mkono wa kulia, zikawekwa kando kwa mkono wa kushoto.

Je, hiyo ni dhuluma? Tusikimbilie kuhukumu. Chuo kikuu nacho kina sababu zake, na baadhi yake ni nzito. Shahada ni ushuhuda. Chuo kinapotia muhuri wake, chauambia ulimwengu kwamba mtu huyu aweza kumpa mgonjwa dawa kwa kipimo, au kwamba daraja atakalolichora halitaanguka. Kumtolea ushuhuda mtu asiyejua ni uongo, na uongo wakatazwa na amri ya nane. Basi msajili anayelikataa somo kwa sababu amelichunguza na kuona kwamba halikufika kina kinachotakiwa, huyo hatendi kosa. Anamlinda mgonjwa asiyemjua.

Lakini pamoja na amri ya nane iko na ya saba, ikatazayo kumnyang'anya mtu kilicho chake. Na jasho la mtu ni lake. Mtume Yakobo awakemea vikali matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wa mashamba yao. Ikiwa kijana amejifunza hisabati ile ile, kwa kina kile kile, akafaulu. Kisha kazi yake ikakataliwa bila kuchunguzwa, kwa sababu tu jina la chuo alikotoka ni dogo, au kwa sababu darasa la pili laleta karo ya pili, hapo hatuoni tena ulinzi wa ukweli. Twaona kazi iliyozuiliwa ujira wake. Ujuzi hauulizwi kabila wala kijiji. Huulizwa tu: upo, au haupo? Na njia ya kujua ni kupima, si kudharau.

Wako watakaosema: "Kijana hakupoteza kitu. Alichojifunza kimo kichwani mwake." Ni kweli kwamba elimu hainyang'anyiki. Lakini mwaka mmoja wa ujana hautarudi, wala shamba la mama halitarudi. Mwana wa tajiri akiambiwa arudie mwaka, huudhika. Mwana wa maskini akiambiwa hivyo, pengine huacha masomo. Kanuni ni moja kwa wote wawili, lakini uzito wake haumwangukii kila mtu sawasawa. Na mwenye kutunga kanuni anajua hivyo.

Twaja sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini. Mtakatifu Toma wa Akwino, alipoandika juu ya kuuza na kununua katika Summa Theologiae, alifundisha kwamba muuzaji ajuaye kasoro iliyofichika katika kitu chake, nayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, analazimika kuifunua. Akinyamaza na kuuza, ametenda hila. Elimu si ng'ombe wala nguo, lakini karo ni fedha, na aipokeaye amefanya mapatano. Chuo cha jamii kimwambiacho kijana kwamba krediti zake "zinahamishika," bila kumwambia zitapokewa wapi na kwa fani gani, kimeficha kasoro. Chuo kikuu kisichomwonyesha hesabu ya masomo yake mpaka awe amekwisha kulipa na kufunga mizigo, nacho kimeficha. Ahadi ni deni, hata inapotolewa na ofisi badala ya mtu.

Wala mtu asiseme kwamba haiwezekani kutenda vema zaidi. Katika California, sheria ya mwaka 2010 iliweka shahada ya miaka miwili ya krediti 60. Aliyeihitimu hupewa hakika ya nafasi katika mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo, na katika fani inayolingana aweza kumaliza kwa krediti 60 nyingine. Katika Florida vyuo vya umma hutumia namba za masomo za pamoja, hata somo lenye namba moja litambulike kila mahali. Kwetu pia, mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo lao kuwa moja katika elimu ya juu. Matangazo ni mema. Lakini nguvu yake huishia penye meza ya yule anayepokea hati za mwanafunzi.

Wanafunzi nao wana wajibu wao, maana busara ni fadhila. Kijana achague mapema chuo kikuu atakachokwenda na fani yake. Aulize kabla ya kulipa, apate jibu kwa maandishi. Atunze muhtasari wa kila somo. Mali bila daftari huisha bila habari. Hata hivyo, tusimtwike mdogo mzigo wa mkubwa. Kijana aliye wa kwanza katika ukoo wake kuingia chuoni hajui hata swali la kuuliza. Ajuaye ndiye mwenye wajibu wa kusema.

Basi tulimjibu mama hivi. Ikiwa masomo ni mbalimbali kweli, mwanao amepata hasara, lakini hakuibiwa. Ikiwa ni yale yale, na hakuna aliyetaka kuyapima, jambo hilo laitwa dhuluma. Na ikiwa alikuwapo aliyejua tangu mwanzo akanyamaza, kosa ni la huyo. Tulimshauri kijana aombe kwa barua masomo yake yachunguzwe upya, akiambatanisha mihtasari yake. Barua imekwisha kwenda, jibu bado.

Mwenye shamba la mizabibu katika Injili aliwalipa walioanza kazi jioni sawa na walioanza asubuhi. Hatudai ukarimu wa namna hiyo kwa wasajili, wa huko wala wa hapa kwetu. Twaomba tu kwamba aliyefanya kazi tangu alfajiri asiambiwe saa sita mchana kwamba siku ndiyo kwanza inaanza.