Haki ya Mto na Njia ya Ningu

Katika lugha yetu neno mwenyeji lina uzito. Mwenyeji ndiye mwenye mji. Mgeni, hata akiwa na nguvu namna gani, hubisha hodi kwanza. Je, haki hiyo ni ya wanadamu peke yao? Twaliuliza swali hili kwa ajili ya samaki mmoja aitwaye ningu.

Ningu hana kwao pengine duniani ila Ziwa Viktoria na mito imwagayo maji yake humo, kama Kagera, Mara na Nzoia. Maisha yake ni safari. Mvua zinyeshapo na mito ikajaa, huliacha ziwa, akapanda akishindana na mkondo, hata afike mahali ambapo maji yamevuka kingo na kuenea majanini. Hapo hutaga mayai. Vifaranga hula na kujificha katika nyasi zile, na maji yakipungua huteremka navyo vikarudi mtoni, kisha ziwani. Basi mafuriko ambayo sisi huyaita balaa, kwake ni chumba cha uzazi.

Wazee wa kandokando ya mito waliijua safari hiyo, wakaingoja na mitego yao ya miti na matete. Waliwala ningu, tena kwa furaha. Hatusemi kuwa walikuwa malaika. Lakini nyavu za kisasa za kutega zilianza kutumika ziwani mwaka 1905, na baadaye zikatandazwa penye milango ya mito, zikawanasa samaki wenye mayai kabla hawajayafikia majani. Uvuvi wa ningu ukaporomoka. Katika miaka ya 1950 na 1960 akaletwa sangara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na wenyeji wengi hawakupona. Leo ningu anahesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Nyavu zaweza kukatazwa kwa tangazo moja. Ardhi ni jambo zito zaidi. Bonde linalofurika lina rutuba, na watu wamelilima hata ukingoni, wakakata mafunjo na kuchimba mifereji ya kulikausha. Sisi tulio watumishi wa serikali hatuwezi kunawa mikono katika hili. Miaka mingi tumeandika katika majalada, juu ya mabonde ya namna hii, maneno "ardhi isiyotumika". Tuliandika kwa mwandiko mzuri, na haikuwa kweli, maana ardhi ile ilitumika kila masika na wasiojua kuandika barua.

Kuyarejesha mabonde hayo si kazi ya miujiza: ni kufukia mifereji, kutoboa matuta yanayozuia maji, na kuyaacha mafunjo yaote. Tena sangara hayapendi maji ya mafunjoni yenye hewa chache, hivyo samaki wadogo wa asili hupata kimbilio humo.

Wako watakaosema kwamba watafiti wa Uganda wamekwisha kufaulu kuwazalisha ningu mabwawani, basi yatosha. Hatukubali. Ningu wa bwawani ni chakula, na chakula ni jambo jema. Lakini asiyepanda mto amebakiwa na jina tu, na watoto wetu watalisoma jina hilo wasijue kwa nini wazee waliitazamia mvua kwa furaha mbili.

Hata hivyo, nani atalipa? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ni sheria njema, ila kamba ya kupimia haimwambii mama mwenye nusu eka ya mahindi atapanda wapi. Waliotajirika kwa sangara hawalimi bondeni. Mzee mmoja wa ukingoni alipata kutuuliza, "Nikimwachia samaki shamba langu, mimi ataniachia nani?" Siku ile tulifunga jalada tukaondoka bila kumjibu. Leo tungemwambia kwamba mto una haki yake, naye ana yake, na kwamba apimiwe shamba jingine kwanza, alione kwa macho yake, ndipo tuje na kamba.