Utamu wa Asili na Hukumu ya Kiasi

Kuacha sukari nyeupe na kushika asali, tende au shira ya mimea, yaani maji matamu ya mmea yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, huhesabiwa na wengi kuwa ni kurejea kwenye asili, na asili nayo huhesabiwa kuwa ni wema. Hoja hiyo yastahili kupimwa, kwa kuwa mwili katika mafundisho ya Kiislamu ni amana, na amana hailindwi kwa sifa za kitu bali kwa athari yake.

Ushahidi wa karibu uko kwenye minazi ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, palipo na magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya Waislamu wa kale. Mgema hukata ncha ya kole changa, akatundika kibuyu, na utomvu unaodondoka ndio tembo. Likinywewa mapema, lingali tamu, ni halali. Likiachwa huchacha lenyewe, likalevya na kuharamika. Likitiwa motoni kabla ya kuchacha, huwa shira. Mti ni mmoja na hakuna kiwanda kilichoingia kati, lakini hukumu imegeuka. Qurani nayo, katika sura ya An-Nahl, aya ya 67, inataja kuwa matunda ya mitende na mizabibu hutoa kileo na riziki njema pia.

Huenda ikajibiwa kwamba aya ya 69 ya sura hiyo inaitaja asali kuwa ina shifaa. Ni kweli, ila dawa ndiyo yenye kuhitaji kipimo zaidi, na sura ya Al-A'raf, aya ya 31, inakataza israfu, yaani kupita kiasi, katika kula na kunywa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliihesabu sukari ya asali na ya shira pamoja na ile ya kutiwa kwenye chai, likashauri kwamba zote zisifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Shira ya yakoni, mmea wa milima ya Andes, ina nafuu kwa sababu sehemu ya sukari zake haimeng'enywi na utumbo mwembamba. Hata hivyo, ina sukari ya kawaida pia, na ikizidi huvuruga tumbo.

Tena, muwa wenyewe ni mmea, na katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa kwa jasho la watumwa. Uasilia haukuiondolea sukari ile dhuluma iliyoizalisha.

Basi mwenye kubadilisha sukari kwa asali ana wajibu wa kujiuliza mambo mawili: kiasi gani kinaingia mwilini, na kimepatikana kwa haki ya nani. Asiyepunguza kijiko amebadilisha chombo tu, na amana bado inamdai.