Karatasi ya Chooni na Hukumu ya Jiwe

Kisiwani Mayotte bidhaa nyingi za karatasi hutoka ng'ambo. Roli za chooni, shashi na karatasi za kufutia jikoni hufika zimefungwa ndani ya makontena katika bandari ya Longoni, kisha huingia madukani kwa bei iliyobeba nauli yote ya baharini. Ni mzigo mwepesi unaokula nafasi: kontena likijaa roli, sehemu kubwa ya kilichosafirishwa ni hewa. Kisiwa hiki cha funguvisiwa la Komoro ni mkoa wa Ufaransa tangu mwaka 2011, na wakazi wake, isipokuwa wachache, ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii kama ndugu zao wa Unguja, Lamu na Ngazija. Kwao bidhaa hii ina swali lisiloulizwa Paris: karatasi inaweza kusimama mahali pa maji katika kujitoharisha? Na kama inaweza, ni kitu gani kinachoipa uwezo huo?

Mlango wa hukumu ulifunguliwa na jiwe. Katika hadithi ya Salman al-Farisi iliyomo katika Sahihi Muslim, mtu anakatazwa kustanji, yaani kujisafisha baada ya haja, kwa mawe yasiyofika matatu, na pia kwa kinyesi cha mnyama au mfupa. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, hawakulichukulia jiwe kwa ujiwe wake, bali walitafuta sifa zinazolifanya lifae. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alizitaja katika Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho wanazuoni wa pwani ya Afrika Mashariki wamekitegemea kwa vizazi vingi: kila kitu kigumu, tohara, chenye kuondoa najisi na kisicho na heshima ya kisheria kina hukumu ya jiwe. Kioo hakifai kwa sababu kinateleza tu. Mkate haufai kwa sababu ni chakula, na chakula kina heshima.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoisumbua karatasi. Ufundi wa kuitengeneza uliwafikia Waislamu katika karne ya 8 kutoka upande wa China, ukapita Samarkand hadi Baghdad, na baadaye karatasi ikawa chombo cha Kurani, hadithi na elimu zote. Huko China kwenyewe ilikwisha kuingia chooni. Mwanazuoni Yan Zhitui aliandika katika karne ya 6 kwamba hathubutu kuitumia huko karatasi yenye maneno ya vitabu vitukufu au majina ya wahenga. Maana yake karatasi nyingine aliitumia. Habari za wasafiri wa Kiarabu zilizoandikwa mwaka 851 zinawashangaa Wachina kwa kujifuta kwa karatasi pasipo kuosha kwa maji. Adabu ya Mchina yule na adabu ya mafakihi zilikutana bila kujuana: karatasi yenye elimu haidhalilishwi. Baadhi ya Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, walikwenda mbele zaidi, wakaona hata karatasi tupu ni makuruhu, kwa kuwa ni ala ya kuandikia.

Hoja hiyo ya Wahanafi ndiyo iliyobeba ufunguo wa kuiruhusu karatasi. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alisema kwamba ikiwa sababu ya karaha ni kuwa karatasi ni ala ya kuandikia, basi ile isiyofaa kuandikiwa haina karaha, mradi inaondoa najisi na haina thamani. Aliyasema hayo kabla bidhaa ya leo haijazaliwa: Joseph Gayetty alianza kuuza karatasi za chooni New York mwaka 1857.

Maana ya hoja ya Ibn Abidin ni kwamba heshima haikai ndani ya nyuzi za mti. Gogo lilelile, likisagwa, laweza kutoa msahafu na roli ya chooni. Kinachovitenga ni kazi ambayo watu wamekiundia kila kimoja. Anayepinga atasema kwamba kusudi la kiwanda haliwezi kubadili hukumu ya Mungu. Pingamizi hilo si dogo, lakini halifiki mbali, kwa sababu hukumu haijabadilika popote. Kilichobadilika ni kitu kinachohukumiwa. Sheria ilikataza kudhalilisha chombo cha elimu, na roli haikuwa chombo cha elimu hata siku moja. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa leo wanairuhusu, na mwaka 2015 idara ya mambo ya dini ya Uturuki, Diyanet, ilitamka hivyo huku ikiyatanguliza maji.

Sharti la Ibn Abidin lisilokumbukwa sana ni lile la thamani. Jiwe huokotwa bure, na tajiri hana jiwe bora kuliko maskini. Roli ina bei, na Mayotte si mahali pa bei nafuu: mwaka 2011 maandamano dhidi ya ugumu wa maisha yalisimamisha kisiwa kwa wiki kadhaa. Inaweza kujibiwa kwamba kilichonunuliwa ili kitupwe hakipotezi thamani kinapotupwa, kwani kimetimiza kazi yake. Jibu hilo linatosha kwa tohara. Kwa israfu halitoshi, maana israfu huangalia kiasi, na mtu anayezungusha mkononi robo ya roli hana utetezi kwa kuwa karatasi ni halali.

Maji nayo yamekuwa na bei yake. Mayotte hutegemea sana mvua inayokusanywa katika mabwawa ya Combani na Dzoumogné, na katika ukame wa 2023 ilifika wakati mabomba yakafungwa siku mbili katika kila tatu. Sensa ya 2017 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba karibu nyumba 3 katika 10 hazikuwa na maji ya bomba ndani. Hapa fikihi ya Shafii ina jambo ambalo wengi hulichanganya. Tayamamu, yaani kujitoharisha kwa udongo, huruhusiwa maji yakikosekana au yakiwa hayawezi kutumika. Kustanji kwa jiwe, na hivyo kwa karatasi, kunasihi hata maji yakiwa tele. Si rukhsa ya dharura. Maji peke yake ni bora kuliko jiwe peke yake, na bora kuliko yote ni kuvikusanya: jiwe liondoe najisi yenyewe, maji yaondoe athari, na mkono usiguse uchafu. Mafakihi waliusifu mpangilio huo kwa ajili ya usafi, lakini nyumba yenye ndoo moja hupata humo faida ya pili, kwani baada ya karatasi kopo dogo hutosha.

Mpaka wa karatasi uko palepale palipokuwa mpaka wa jiwe. Najisi ikikauka, au ikivuka mahali pake, kufuta hakutoshi tena na maji huwa lazima, hata kama yaliyopo ni yale ya chupa yaliyogawiwa na serikali wakati wa ukame. Ila chupa hizo ziligawiwa za kunywa, na mwenye kiu, awe mtu au mnyama wake, hutangulizwa mbele ya tohara.