Sikatai Kuhama, Nakataa Kuhamishwa

Somo: 2 Samweli 19:31-39, Mwanzo 46:1-4, Yohana 21:18

Jumapili tulipomaliza kusoma habari za Barzilai, watu kadhaa walinishika mkono pale mlangoni wakiwa na swali moja. Mzazi akizeeka na kuugua, kumheshimu ni kufanya anavyotaka, au ni kufanya kinachomfaa hata akikataa? Si swali dogo. Wengi wetu tuna mzee ushago, na simu ikilia saa nane usiku moyo unaruka kabla hatujajua ni nani anapiga.

Nianze na wazee wawili ninaowafahamu. Wameoana zaidi ya miaka 50, wameokoka tangu ujana wao, na wanaishi Kinangop. Baridi ya kule mnaijua. Mzee alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Mama ana sukari na macho yameanza kufifia. Usiku mmoja Mzee aliteleza akienda choo cha nje, akalala kwenye matope mpaka jirani aliposikia Mama akipiga nduru.

Watoto wakajadiliana kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Ni watoto wenye upendo, lazima niseme hivyo. Wakakubaliana Mzee aende kwa kijana Nairobi, kwa sababu kliniki ya mazoezi iko karibu. Mama aende kwa binti Nakuru, kwa sababu yule binti anaelewa mambo ya sukari. Shamba likodishwe. Jumamosi wakafika na gari.

Mama akawapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hivyo mmetugawana kama ng'ombe?" Wote wakanyamaza. Akasema, "Baba yenu hawezi kufunga vifungo vya shati, mimi ndiye namfungia. Mimi sioni maandishi ya dawa, yeye ndiye ananisomea. Mkitutenganisha, nani kati yetu ataishi? Sikatai kuhama. Nakataa kuhamishwa."

Wapendwa, hebu tukae na neno hilo la Mama.

Barzilai alikuwa na miaka 80. Daudi alipokimbia kwa sababu ya Absalomu, huyu mzee ndiye aliyemlisha kule Mahanaimu. Sasa mfalme anarudi Yerusalemu na anataka kumlipa: twende wote, nitakutunza kwangu. Nani angekataa kula meza moja na mfalme? Lakini Barzilai alikataa, na alitoa sababu zake. Chakula hakimkolei tena, masikio hayasikii vizuri sauti za waimbaji, hataki kuwa mzigo, na anataka kufia kwenye mji wake karibu na kaburi la wazazi wake. Alivuka Yordani pamoja na mfalme kidogo tu, akamtoa Kimhamu aende badala yake.

Angalia Daudi alifanya nini. Alikuwa mfalme, angeweza kuamuru. Hakuamuru. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi kwake. Kumbe unaweza kumpenda mtu, uwe na uwezo wa kumsaidia, na bado usimlazimishe. Mzee wako si mtoto. Alijenga, alilea, aliomba usiku ukiwa na homa. Mwili ukichoka, hekima yake haijafutwa.

Lakini najua mtu ataniuliza: Pasta, Barzilai alikuwa tajiri na akili yake ilikuwa timamu. Mimi mama yangu anasahau sufuria kwenye moto. Juzi alipotea akienda dukani, duka ambalo amekuwa akienda miaka 30. Nimwache tu kwa sababu amesema hatoki?

Hapana. Kumwacha mtu aungue na nyumba hakuwezi kuitwa heshima. Ndiyo maana Biblia imetupa pia Yakobo. Alikuwa na miaka 130 alipoingia Misri. Njaa ilikuwa imeshamaliza Kanaani, kubaki hakukuwezekana. Lakini tazama alivyokwenda. Alisimama Beer-sheba kwanza, akamtolea Mungu dhabihu, na Mungu akasema naye usiku asiogope. Yusufu hakumweka mzee huyo kwenye jumba la Farao ili aonekane mwana mzuri. Alimtafutia Gosheni, mahali pa malisho, akae na mifugo na watu wake. Aliishi Misri miaka 17, na mwisho akamwapisha Yusufu kwamba hatazikwa kule. Yusufu alitimiza.

Kwa hivyo hata pale ambapo lazima ahame, bado yako mambo ya kumuuliza. Unataka kubeba nini? Tuombe hapa kwanza kabla ya kutoka? Nani ataangalia mbuzi? Ukifika kule, unataka ushirika gani? Hata mwenye kusahau anajua kiti chake na sauti ya mwenzake. Na wale ambao Mungu aliwafanya mwili mmoja, kabla ya kuwagawa kwa sababu chumba ni kidogo, tafuteni kwanza chumba kikubwa. Mkishindwa kabisa, mwambieni ukweli mkiwa mmeshika mikono yao.

Sasa neno kwa wazee wetu. Bwana alimwambia Petro kwamba akizeeka atanyoosha mikono, mwingine atamvika na kumpeleka asikotaka. Yesu hakumficha. Na Yohana anaeleza kwamba hata katika hilo Petro angemtukuza Mungu. Baba, Mama, kukubali kuvishwa viatu na mjukuu si kushindwa. Wakati mwingine tunasema "sitaki kusumbua mtu" na kumbe ni kiburi kimevaa nguo ya unyenyekevu. Na usiseme umeugua kwa sababu imani imepungua. Elisha aliugua ugonjwa uliomuua, na hata mifupa yake ilibaki na upako. Tunaomba uponyaji, na tutaendelea kuomba. Lakini usione haya kumeza dawa.

Kisha neno kwetu sote. Yesu aliwakemea waliotoa mali kuwa Korbani ili wasiwasaidie wazazi wao. Ukitoa ahadi kubwa ya ujenzi hapa kanisani na mama yako analala na njaa, hiyo sadaka ina shida. Nalisema hili mimi mchungaji wako. Na katika familia, mzigo usiachiwe yule binti mmoja "kwa sababu hana mume," au mkaza mwana ambaye hakuulizwa. Anayetuma pesa kwa M-Pesa atume, lakini pia aje alale usiku mmoja aone kunavyokuwa. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake na serikali. Ikiwa sheria ya nchi imefika hapo, je, sisi tulionunuliwa kwa damu?

Wale wazee wa Kinangop? Watoto waliondoka siku ile na gari tupu. Walijenga choo kilichoshikana na nyumba, wakaweka kijana wa kusaidia. Ilifanya kazi kwa miezi kadhaa. Baadaye Mzee mwenyewe akasema, "Sasa twendeni." Walienda wote wawili Nakuru, kwenye nyumba ya kukodi chini, isiyo na ngazi, karibu na kwa binti. Watoto wanagawana kodi, na haiwi rahisi. Mzee bado jioni zingine anaulizia ng'ombe wake na machozi yanamtoka. Sitawadanganya kwamba kila kitu kiko sawa. Lakini asubuhi bado anafungiwa vifungo, na bado anasoma maandishi ya dawa kwa sauti.

Wiki hii mpigie mzee wako simu. Usianze na mipango yako. Uliza, kisha unyamaze usikie.

Tuombe: Baba, tupe hekima ya Daudi ya kuachilia, na bidii ya Yusufu ya kutafuta Gosheni. Washike wazee wetu wasiogope njiani. Katika jina la Yesu, amina.