Mchungaji Ahame au Abaki?

Wakristo wa pwani yetu, toka Uvira hata Fizi, huulizana mara nyingi: Wakati wa hatari, padri afanye nini? Akihama, wengine husema ni mwoga. Akibaki akauawa, wengine husema ameutupa uhai wake bure. Tusihukumu upesi. Tutazame kwanza historia ya misioni zetu wenyewe.

Mwaka 1883 Mapadri Weupe walijenga misioni huko Kibanga, upande wa Ubwari, wakaiita Lavigerieville kwa jina la Kardinali aliyewatuma. Waliwalea huko watoto waliokombolewa katika utumwa, na vijiji vya Wakristo vikaanza. Lakini maradhi yaliwaandama, wakafa wengi. Mwaka 1893, baada ya miaka kumi tu, waliiacha Kibanga wakahamia kusini, Kirungu, ambako Padri Victor Roelens alianzisha Baudouinville.

Je, walikimbia? Hapana. Walihama pamoja na watu wao. Kuta zilibaki nyuma, parokia ikasafiri. Na huko Kirungu, mwaka 1917, Stefano Kaoze alipewa daraja ya upadri, mzalendo wa kwanza wa Kongo kuipata katika nyakati hizi.

Sasa twende Baraka, mwaka 1964, siku za vita vya waasi. Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, Waksaveri toka Italia, walikuwa wangali katikati ya watu wao. Tarehe 28 Novemba Bruda Vittorio alipigwa risasi. Padri Luigi alikuwa akiungamisha. Akatoka, akapiga magoti kando ya maiti ya mwenzake, naye akauawa. Jioni ile ile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert, mwana wa Kongo. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, wote wanne walitangazwa kuwa Wenye Heri.

Basi, wale walihama, hawa walibaki. Nasi tunawaheshimu wote. Kwa nini? Kwa sababu swali la kweli si «wapi?» bali «pamoja na nani?» Mtu wa mshahara huweza kukosa kwa njia zote mbili: huhama akawaacha watu, au hubaki kwa ajili ya nyumba na mali huku watu wamekwisha kwenda.

Mtu atauliza: Watu wakigawanyika, wengine wakienda, wengine wakibaki, je? Hapo ni vigumu kweli. Lakini tunaona njia moja: kuwatafuta kwanza wasio na nguvu, yaani mgonjwa, mzee, mjane na mtoto.

Wala neno hili si la mapadri peke yao. Siku zetu pia watu wa Uvira wamejua kukimbia vita. Baba wa nyumba naye ni mchungaji. Kukimbia si dhambi. Lakini kabla ya kufunga mlango, na atazame vizuri ndani: ni nani amebaki kitandani?