Ndoto ya Baba, Mabega ya Mtoto

Leo nauliza: mzazi akiota ndoto, ni nani anayepaswa kuibeba?

Huko Marekani, katika mji mdogo wa Fremont, New Hampshire, alikuwako baba aitwaye Austin Wiggin, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mama yake, aliyekuwa akisoma viganja vya mikono, alimtabiria kwamba binti zake wataunda bendi maarufu. Baba akaamini. Aliwatoa mabinti shuleni, akawanunulia magitaa na ngoma, akawasimamia mazoezi. Bendi ikazaliwa, ikaitwa The Shaggs: Dot, Betty na Helen.

Jumamosi walipiga katika ukumbi wa mji, na vijana wenzao wakawacheka, kwa maana gitaa lilikwenda huku na ngoma kule. Mwaka 1969 walirekodi santuri, lakini nakala nyingi zilipotea. Baba hakukata tamaa. Mwaka 1975 alifariki ghafla kwa moyo, na mabinti wakaweka vyombo chini.

Tusimhukumu haraka. Dot mwenyewe alitunga wimbo wa kusema kwamba wazazi ndio wanaotujali siku zote. Tena mwaka 1980 santuri ile ilitolewa upya, ikapendwa na wanamuziki wengi. Je, utabiri ulitimia? Labda mtu atasema ndiyo. Lakini sifa zilizokuja baadaye haziondoi jambo hili: mabinti hawakuulizwa.

Nasema haya nikijihukumu mwenyewe. Nilimwambia mwanangu kwamba Mungu amenionyesha atakuwa mpiga kinanda wa kanisa. Miaka miwili alipiga bila kuinua uso. Siku nilipomwuliza anataka kazi gani, alinyamaza, kisha akasema: "Baba, ni mara ya kwanza unaniuliza." Leo anatengeneza baiskeli, na jioni anaimba akirudi nyumbani.

Sisi wakimbizi tuliacha mashamba, nyumba na kazi. Ni rahisi mtoto awe shamba letu la mwisho, tulime humo yote tuliyopoteza. Tena tukitaja jina la Mungu juu ya tamaa yetu, mtoto atapata wapi nguvu ya kukataa?

Mwaka 2013 Dot, akiwa amepita miaka 60, alitoa albamu nyingine. Safari hiyo hakuna baba aliyemwamuru. Basi kipawa kilikuwamo. Kilihitaji kuulizwa tu.

Mzazi, leo jioni kabla ya kulala, muulize mwanao. Kisha nyamaza, umsikilize.