Je, Subira Ni Fadhila Kila Wakati?

Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Tunafundishwa methali hii tangu shule ya msingi, lakini ni nadra mtu kuuliza inategemea nini. Kwa maoni yangu inategemea mambo mawili: kwamba juu ya mti kuna tunda, na kwamba tunda hilo lina msimu wake. Swali la insha hii ni hili: je, subira inabaki kuwa fadhila pale ambapo msimu haujulikani?

Swali hili lilitufikia nyumbani kwetu Buterere mwaka 2020. Kaka yangu alikuwa amezuiliwa katika kituo cha wahamiaji katika nchi moja ya Ulaya kwa kukosa kibali cha kuishi, akisubiri kurudishwa Burundi. Mwezi Machi, uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, ulio jirani na mtaa wetu, ulifungwa kwa safari za abiria kwa sababu ya Korona, na haukufunguliwa hadi Novemba. Ndege ya kumleta haikuwepo tena, lakini yeye alibaki ndani, katika chumba cha watu sita. Majirani walikuja kumfariji mama: "Vuta subira, mama. Mungu yupo."

Kwanza tutofautishe kifungo na kuzuiliwa. Mfungwa amehukumiwa, anajua muda wake, na familia yake inahesabu pamoja naye. Anayezuiliwa ili arudishwe kwao hatumikii adhabu. Anashikwa ili safari iwezekane. Safari isipowezekana, sababu ya kumshika inaondoka. Sheria yenyewe inakubali jambo hili. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 kuhusu kuwarudisha wahamiaji linaeleza kwamba pasipokuwa tena na matarajio ya kweli ya kumsafirisha mtu, kumzuia kunakosa uhalali na lazima aachiwe mara moja. Hispania ilionyesha kwamba inawezekana: mwanzoni mwa Mei 2020, vituo vyake vyote vya kuzuilia wahamiaji vilikuwa vitupu.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba wakati ule watu wengi duniani walifungiwa, basi kwa nini kaka asivumilie kama wengine? Jibu langu ni kwamba karantini ilikuwa na hesabu, siku 14, na lengo lake lilikuwa kumlinda mtu na jirani zake. Chumba cha watu sita hakimlindi yeyote na ugonjwa unaoenea kwa pumzi. Mwingine atasema kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Hilo sibishani nalo. Lakini haki hiyo haiwapi wanaosubiri wajibu wa kunyamaza.

Mama alilielewa hili bila kusoma falsafa. "Kusubiri nitasubiri," alisema, "lakini si kwa kunyamaza." Kila Jumatatu aliniagiza nimwandikie wakili wa kaka, kwa Kifaransa, swali lile lile: je, ndege imepatikana? Kama haijapatikana, kwa nini mwanangu bado yumo ndani? Siku nyingine alikwenda shambani kwenye mpunga, akapika, akaswali, akalala. Swali la Jumatatu lilimwezesha kuishi hizo siku sita nyingine.

Kaka aliachiwa mwezi Julai, akapewa karatasi ya kumtaka awe anaripoti polisi. Sidai kwamba barua zetu ndizo zilizomtoa. Ninachodai ni kidogo zaidi: subira ni fadhila ya anayesubiri, na haiwezi kugeuzwa kuwa kisingizio cha anayemsubirisha. Kwa hiyo anayemwambia mwenzake avute subira ana deni la kumweleza anasubiri nini. Akishindwa kulilipa, basi akae naye, amsaidie kuuliza.